Sikuwa uchi, na ungo haukuwepo

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti ya Chumvi kwenye magrupu, ile anayosema nimenaswa uchi nikiruka na ungo, naomba kuweka sawa mambo mawili tu. Sikuwa uchi. Na ungo haukuwepo. Mengine aliyoyasema yana ukweli ndani yake, kwa masikitiko makubwa, ila kayakoleza, na ndiyo maana tunamwita Chumvi tangu darasa la nne.

Tukio ni la juzi Jumamosi. Shingo bado haigeuki kulia, kwa hiyo ukinipita upande huo mjini nisikuitikie, usiseme naringa.

Mnaonifahamu mnajua mwezi uliopita niliuza pikipiki. Mnajua na sababu, maana mlikuja kunipa pole: yule mbuzi wa Ipuli, hapa Tabora mjini. Lakini mbuzi alikuwa wa mwisho tu kwenye foleni. Kabla yake kuna eksozi iliyoniachia kovu la mguuni lenye umbo la Ziwa Tanganyika, kuna lori la tumbaku lililonilaza mtaroni barabara ya Urambo, na kuna mama watoto, ambaye kila nikiwasha chombo alikuwa anaanza kusoma dua kwa sauti ya kuhakikisha naisikia. Nikauza. Milioni moja na laki mbili, kwa dogo mmoja wa kijiwe cha bodaboda hapa Isevya. Akatoa laki nane. "Hiyo nyingine nakumalizia, braza." Hiyo nyingine muikumbuke, tutairudia.

Sasa, mwanaume ukishauza pikipiki jioni zinakuwa ndefu. Unabaki na simu. Siku ya tatu simu ikaniletea watu wanaoruka kutoka kwenye ndege kule Diani, pwani ya Kenya, wanashuka na miavuli hadi ufukweni kwenye mchanga mweupe, wanacheka na kukumbatiana na watu wasiowajua. Nikaangalia moja. Nikaangalia arobaini. Ilipofika saa nane usiku nilikuwa nimeshakata shauri: mimi na barabara basi. Angani hakuna mbuzi.

Kesho yake nikaipeleka hoja kwenye kahawa. Niliieleza kitaalamu, msinicheke. Nikawaambia mara ya kwanza huruki peke yako. Unafungwa kifuani mwa mkufunzi, yeye nyuma wewe mbele, kama mtoto aliyebebwa upande usio wake. Mnapandishwa mita elfu tatu na ushee, mnatoka mlangoni, mnaporomoka zaidi ya nusu dakika kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, halafu mwavuli unafunguka, kelele zinakata, mnashuka taratibu mnaangalia bahari.

Mzee mmoja akaniuliza, "Na huyo mwalimu akizimia?"

Nikamwambia kuna kidude kinapima urefu na mwendo. Kikiona mmeshuka sana na bado mnakwenda kasi, kinafungua mwavuli wa akiba chenyewe.

Mzee akanywa funda moja, akaweka kikombe chini. "Na kidude kikizimia?"

Nikaona hapa nitoe bunduki kubwa. Nikamtaja Felix Baumgartner, Mwaustria, mwaka 2012 karuka kutoka kilomita 39 juu, kaipita kasi ya sauti, katua New Mexico kwa miguu yake. Kimya kikatanda. Nikajua nimewapata. Chumvi akakivunja: "Kilomita 39? Si hata Sikonge hujafika." Baraza zima likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo naitwa Kipanga. Sasa nyie niambieni, mtu akishaitwa Kipanga mbele ya mzee wa kahawa anarudije nyuma?

Kosa langu ni kwamba sikutaka kubebwa. Nilitaka huko mbeleni niruke mwenyewe. Nikasoma kwamba wanafunzi wa kuruka peke yao huning'inizwa kwanza chini, kwenye mikanda, wakajizoesha ajali kabla haijatokea: mwavuli mkubwa ukigoma, mkono wa kulia unavuta mpini wa kuuachia uende zake, mkono wa kushoto unavuta wa akiba. Kulia, kushoto. Inatakiwa mwili uikariri mpaka ifanyike bila kufikiri. Nikasema hili halihitaji nauli ya kwenda Kenya. Nyuma ya nyumba yangu kuna mwembe.

Mikanda niliipata gereji, imetolewa kwenye basi bovu, ile mikanda ya abiria ambayo wakati basi linatembea hakuna aliyewahi kuifunga. Nikampelekea fundi cherehani. Akaipima kwa kidole. "Hii ya kubebea nini?" Nikamwambia, mimi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Nina kilo 94. Hakusema neno, akaongeza mshono wa pili, halafu wa tatu. Kama kuna mtu katika habari hii aliyefanya kazi yake vizuri ni yule fundi, na ndiye aliyeniponza.

Nikachagua alfajiri, saa kumi na moja na nusu, ili nisionwe. (Cheka tu, najua.) Nilivaa ovaroli nyeusi, helmeti ya pikipiki ambayo sikuiuza, na ndani yake miwani ya fundi wa kuchomea niliyoazima kwa jirani. Kwenye tawi nilifunga kamba mbili za mabegani, na ya tatu kiunoni, ambayo niliiita kamba ya usalama. Zile mbili niliziunganisha kwa fundo la kufyatuka, na kwenye fundo nikafunga kitambaa chekundu. Huo ndio mpini wangu wa kulia. Nikapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikajifunga, nikapiga bismillahi, nikaisukuma ndoo kwa mguu.

Jamani, nisiwadanganye. Dakika mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nilikuwa nusu mita tu juu ya ardhi lakini nilikuwa juu. Kaupepo. Giza linaanza kukatika. Nikajikunja mgongo kama ndizi, kifua mbele, mikono imetanuka, magoti yamekunjwa, kama walivyoelekeza. Nikawa najizungusha polepole naiangalia Isevya yangu. Nikamkumbuka Baumgartner kama mtu tuliyesoma naye.

Halafu kitu kikaning'ata kwenye kisogo.

Mwembe wenu mnaujua una nini. Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Nilipofunga kamba nilikuwa nimebomoa kiota chao, na wao hawakuja kwa pupa, walikuja kwa mpango. Walishuka na kamba ya kulia, foleni moja, kimyakimya. Wa kwanza kisogoni. Wa pili shingoni. Kisha naona kama wakapewa amri, maana waliuma wote kwa pamoja, ndani ya ovaroli, na ovaroli ikishafungwa zipu haina mlango wa dharura. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mazoezi yamekubali. Mwili haukufikiri. Mkono wa kulia wenyewe ulikwenda kwenye kitambaa chekundu. Ukavuta.

Fundo likafyatuka vizuri sana. Kamba za mabegani zikaniachia zote mbili. Ya usalama haikuachia.

Naomba hapa mwende pamoja nami polepole, kwa sababu mimi nilikwenda polepole. Mtu wa kilo 94 akishikiliwa kiunoni tu, sehemu nzito inatafuta chini. Kichwa kikaanza safari. Nikaiona ndoo, ikapanda juu. Nikauona ukuta wa choo, ukapinduka. Miguu ikapita usawa wa macho yangu, nikaitambua kwa viatu. Kisha kukasikika sauti, krrrraaa, ndefu, ya kitambaa, na upepo wa alfajiri ukanifikia mahali ambapo haujawahi kufika. Ovaroli ilichanika mshono wa nyuma, wote. Ndani kulikuwa na bukta ya Simba. Bukta, nimesema. Haya ndiyo maelezo kamili ya neno "uchi" mnalolisikia kwenye ile sauti; Chumvi ni Yanga wa kufa.

Nikajaribu kufungua kifungo cha mkanda. Mkanda wa gari ukibeba uzito wako wote, kile kitufe chekundu hakibonyezeki hata uite ukoo. Damu imejaa kichwani, miwani imejaa jasho, majimoto wamegeuza njia wanafuata kichwa kilipokwenda. Nikawa nazunguka. Upande huu ukuta, upande ule njia. Ukuta. Njia. Ukuta. Njia, na kwenye njia bibi yetu wa vitumbua, beseni kichwani, amesimama.

Kwa kuwa nimelelewa, nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

Sauti ndani ya helmeti inatoka kama inatoka kaburini. Beseni likaanguka. Bibi, ambaye tangu nimjue anatembea na fimbo, alikimbia na fimbo ikabaki. "Mchawi! Mchawi kanasa kwa baba Zai! Kaishiwa mafuta!" Baba Zai ndiye mimi.

Wasio wa huku wanaweza kuona ni utani. Wa huku mnajua neno hilo likipigiwa yowe alfajiri watu hawatoki mikono mitupu. Nilisikia milango, nikasikia ndala zinakuja mbio, na nitasema bila aibu kwamba nilitamani nife kwa majimoto kabla hawajafika. Walikuja na michi, walikuja na panga, mmoja kaja na chepe. Wakasimama mbali, duara. Tochi za simu zikaniwakia bukta.

Mzee mmoja akaamua kunijaribu kwa salamu ya asubuhi ya kikwetu. "Mwangaluka!"

"Mwangaluka," nikaitikia.

Akawageukia wenzake. "Ni wa hapahapa." Kauli ambayo haikunisaidia hata kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa akafika na taulo kiunoni, akaanza mahojiano. "Ulikuwa unaelekea wapi?"

Nyie, kichwa kimejaa damu. Nilijibu kilichokuwa kinywani. "Diani."

"Diani ndiyo wapi?"

Mjuaji mmoja akasema, "Kule Mombasa." Duara likarudi nyuma hatua mbili.

"Kwa usafiri gani?"

"Ndege."

Mwenyekiti akaangalia juu ya mwembe, katawi kwa katawi. "Ndege iko wapi?"

Hapo mlango wangu ukafunguka. Akatoka mama watoto, na nyuma yake mama mkwe, ambaye alikuwa amefika jana yake kutoka Nzega kutusalimia. Mama watoto alinitazama muda mrefu. Mwanamke huyu amenitambua bila kuona uso, na nyie malizieni wenyewe alitambua nini. Akasema kwa sauti ya mtu anayedai mzigo wake stendi, "Huyo ni wangu." Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga na kurudi ndani. Hakuna aliyenishusha bado. Chumvi alikuwa ameshafika, na alikuwa anarekodi sauti kwa sababu, namnukuu, giza linaharibu picha.

Tatizo likawa kamba. Tawi liko juu, na mkinikata tu natua kwa shingo. Wakajadiliana. Mmoja akashauri waite zimamoto, mwingine akauliza nani atapiga hiyo simu na atasemaje.

Ndipo nikasikia mlio. Ule mlio wa kugongagonga kidogo ukipunguza mafuta, niliousikia miaka minne, ningeutambua hata usingizini. Dogo kaja na pikipiki yangu. Akaiingiza taratibu chini ya mwembe, akaiweka stendi kubwa, akasimama juu ya siti na panga la mtu, mwenyekiti akanishika kichwa kwa mikono miwili huku taulo akilibana kwa viwiko. "Braza, tulia." Panga moja. Nikatua kifudifudi juu ya siti, uso kwenye tenki, mikono imeshika usukani yenyewe.

Vitumbua nimelipa. Bibi nimempelekea fimbo na kilo mbili za sukari, ameipokea sukari bila kunikaribia. Mama mkwe ameondoka na basi la asubuhi ileile, kasema kakumbuka kuna mahindi kaanika. Mwenyekiti ameniandikisha maelezo. Mikanda iko mizima, haina hata uzi uliolegea.

Nilipokuwa najipangusa, dogo akaniegemea. "Braza, ile buku."

"Buku ya nini?"

"Si umepanda? Umekaa kwenye siti kabisa, watu wameona."

Nikamkumbusha laki nne zangu. Akasema hilo ni suala la biashara, litakaa vikao vyake, lakini buku ni ya mafuta. Nikampa. Akaiangalia shingo yangu ilivyopinda, akasema kwa buku mbili nyingine ananifikisha zahanati.

Nikapanda nyuma. Helmeti ilikuwa bado kichwani, imegoma kutoka. Tulipofika Ipuli dogo akapunguza mwendo, akacheka, akaniambia niangalie kule, mbuzi wangu yupo. Alikuwa upande wa kulia, kwa hiyo sikumwona.