Punda wa Drili na Ulanzi wa Shangazi

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukikolea, shangazi yangu wa Kihesa, Iringa, hajui mchana wala usiku. Bodaboda wanamshushia madumu kule chini barabarani, maana kilima cha kuja kilabuni kwake kikinyeshewa hakipandiki. Halafu naitwa mimi. Dumu la lita 20 mkono huu, lingine mkono ule, na ndala imebaki kwenye tope nyuma yangu.

Mimi ni fundi simu. Mikono yangu imezoea vitu vya gramu. Ndiyo maana siku moja, nikiwa nimeinama na kiuno kinauma, nikasema basi, natengeneza punda wa umeme.

Nguvu ya punda ingetoka kwenye drili za chaji. Watu huona drili kama kitu cha kutobolea ukuta tu, kumbe mle ndani mna mota ndogo inayozunguka kama mara 20,000 kwa dakika, na mbele yake gia zilizopangwa kwa mzunguko, zinazopunguza mbio na kuongeza nguvu, mpaka kwenye gia namba moja inabaki mizunguko kama 400. Mota na giaboksi vimeshafungwa pamoja kiwandani. Wewe unaweka tairi tu.

Drili ya kwanza niliinunua pale mjini, mahali panapoitwa Mashine Tatu, imekufa betri, kwa bei ya kuonewa huruma. Ya pili, ya aina ileile, ilikuwa ya mjomba, fundi wa dari, aliyekuwa kazini Mafinga. Sikuiiba. Niliiazima bila kumsumbua kwa simu.

Kuutoa mdomo unaobana biti kulinila jioni nzima. Ndani kabisa mna skrubu, na skrubu hiyo imegeuzwa: inafunguka ukizungusha upande ambao dunia nzima inafungia. Mimi sikujua. Nilikaza, nikakaza, nikamwita kijana wa gereji jirani aje anisaidie kukaza. Alipoijaribu kinyume kwa hasira, ikatoka kama kizibo cha soda.

Fremu ilikuwa chuma cha kitanda cha zamani. Tairi mbili za sentimita 25, kigurudumu cha kusindikiza nyuma, betri ya pikipiki ya volti 12, rilei za gari (swichi zinazowashwa kwa umeme) kwa ajili ya mota, na rimoti ya gari la kuchezea la mtoto wa jirani (huyo nilimlipa kwa pipi). Swichi ya kuzima kila kitu kwa dharura sikuweka. Dharura gani, kwenye kilima cha tope?

Jumamosi nikampeleka Punda kazini. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, kila mmoja na kopo lake. Nikapakia madumu mawili ya mkangafu, ulanzi uliochacha sawasawa, nikabonyeza mbele.

Kra-kra-kra-kra. Tairi zimegoma, giaboksi zinatafuna mahindi.

Ilikuwa klachi. Pale shingoni mwa drili kuna pete yenye namba, ya kuilinda skrubu isikazwe kupita kiasi, na mimi nilikuwa nimeziacha zote namba tatu. Nikazizungusha mpaka kwenye alama ya kutobolea, ambako klachi haiachii kitu. Nikabonyeza tena. Punda akapanda! Kilo 40 mgongoni, matope yanaruka, watoto wanashangilia. Mzee mmoja akainua kopo lake akamwamkia, "Kamwene!" kwa heshima zote, kama anamsalimia mkwe.

Kosa moja tu: anavuta kushoto. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mota hizi makaa yake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani, yamepangwa yapendelee upande wa mbele, kwa hiyo zikizungushwa kinyume zinachoka kidogo. Na kwa kuwa zangu zinatazamana, ili Punda aende mbele lazima moja izunguke kinyumenyume. Ya kushoto ndiyo iliyopata zamu hiyo. Na kushoto kule juu ndiko kilipo kilabu.

Nikaachia rimoti. Punda hakuachia.

Rilei ya gari imezoea mzigo wa taa na honi. Mota ya drili ikielemewa inavuta umeme mpaka ncha za ndani ya rilei zinachomelewana, na zikishachomelewana hata ukitupa rimoti porini wao wanaendelea na safari. Zangu zilichomelewa zote mbili, kama mapacha wa kanisani.

Juu pakawa tambarare na mwendo ukaongezeka. Nilipiga hesabu siku nyingine, kwa mzigo ule nikakadiria kama kilomita 12 kwa saa. Haisikiki kama nyingi mpaka uwe umekaa kwenye benchi. Wazee walinyanyua kwanza makopo, ndipo miguu. Benchi likaenda. Dumu moja likang'oka kizibo na kuanza kubatiza wateja. Punda akafika kwenye ukuta wa udongo akaukumbatia, tairi zinachimba sakafu, moshi unatoka.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la akili. Nikakumbuka pete! Nikairukia ile ya kulia nikairudisha namba moja, klachi ikaachia, kra-kra-kra. Ila ya kushoto ilikuwa bado na kazi. Punda akauachia ukuta akaanza kuzunguka katikati ya kilabu kama mcheza ngoma, akimwaga mkangafu kwa kila mwelekeo, nami nimeng'ang'ania shingo yake, suruali imelowa, mzee mmoja akinipigia makofi ya mdundo.

Shangazi alitoka jikoni na panga. Hakuuliza. Alitazama mzunguko mmoja, akakata waya mwekundu, cheche zikaruka, kimya.

"Madumu mawili," akasema. "Utabeba mpaka msimu uishe."

Nikabeba. Usiku nikarudisha drili ya mjomba kama ilivyokuwa: mota, gia, mdomo, ile skrubu yake ya kinyume, nikaifuta tope kwa mswaki. Akaja, akaichukua, akashukuru kuikuta safi.

Jumanne akanipigia yuko juu ya ngazi kwa mteja.

"Mjomba wangu, hii drili ina nini? Kila skrubu ninayoifunga inanidondokea usoni."

Nikaona nyaya mbili machoni mwangu, nyekundu pahali pa nyeusi.

"Mjomba, bonyeza kwenye kufungua, itafunga."

Akanyamaza. Nikasikia drili inalia kidogo, skrubu ikaingia.

"Haya," akasema taratibu. "Wewe umejuaje?"