Ghala hufuata wenye nyumba finyu

Eti mwandishi wa makala moja, aliyechora ramani ya maghala, anashangaa Shurgard, kampuni ya vyumba vya kuhifadhia mizigo, kuwa katika nchi 7 tu za Ulaya na kurundikana pembeni mwa Paris, London, Berlin, Stockholm na miji ya Uholanzi. Ajabu iko wapi? Biashara hii inaishi kwa wapangaji wa jirani. Nani atavuka mji mzima kufuata sanduku la makoti? Wa shamba ana banda lake. Anayelipia chumba cha ziada ni yule wa ghorofani, ambaye jiko na sebule ni kitu kimoja.

Hata mwaka 2024 walipoinunua Lok'nStore, kampuni ya maghala kama hayo ya Uingereza, maghala mengi waliyoyapata yalikuwa kusini mwa nchi. Ardhi huko ni ghali, na kibali cha kujenga si mchezo, kwa hiyo kununua kilichokwisha jengwa ni njia ya mkato.

Ila makala imetusahau sisi tunaotuma mizigo nyumbani. Kwenye ghala nilikopanga chumba mimi, kando ya North Circular, barabara ya mzunguko ya London, Jumamosi unakuta mapipa ya bluu yamejaa nguo na sabuni, friji imeviringishwa blanketi, tairi nne juu yake, mwenyewe anasubiri kontena la Mombasa lijae. Huyo haangalii umbali wa ghala kutoka kwake. Anauliza kama lori la wakala linafika mlangoni, na kama lifti itabeba pipa. Mwandishi angeongea na mawakala wawili watatu wa mizigo kabla ya kuchora ile ramani.