Cheka Kiingereza cha Kanumba, Ila Uniambie Wewe Ulifika Wapi

Juzi Jumapili niko sebuleni kwa dada yangu nasubiri wali, mwanae yuko kwenye kochi na simu anacheka mpaka anakohoa. Nikajua ni mambo yao ya TikTok. Akanisogezea, "anko hebu muone huyu jamaa." Naangalia, Steven Kanumba, yule mcheza sinema wetu wa Bongo. Ile video yake anahangaika na Kiingereza kwenye jumba la Big Brother Africa 2009, mtu kaikata vipande kaiwekea muziki wa katuni na vile vikatuni vya kulia kwa kucheka. Dogo ananiuliza, "Eti huyu ndo mama alikuwa anamlilia?"

Jamani. Wali wenyewe ulikuja sikuusikia ladha.

Naomba niseme wazi mimi sio mtu wa katikati kwenye hili. Mimi Kanumba nilimfuata tangu yuko kundi la maigizo la Kaole, enzi zile tamthilia za ITV jioni mtaa mzima mnajazana kwa jirani mwenye TV, mnavua ndala mlangoni mnakaa chini na mkichelewa mnaangalia kupitia dirishani. Mtoto wa Shinyanga, mwembamba, macho makubwa, akilia unalia. Nikaja kumfuata kwenye sinema ya Johari, nikamfuata kwenye Oprah akiwa na waigizaji wenzake Ray na Uwoya, nikamfuata mpaka kwenye zile alizocheza na wale watoto, Jennifer na Patrick, ambazo mpaka leo ukinikuta vibaya machozi yananitoka. Kwahiyo ukitaka makala ya kumpima na mizani tafuta kwingine.

Sasa hicho Kiingereza. Kwanza turudi nyuma kidogo maana hawa watoto hawajui. Miaka ya 2004, 2005 hapa mjini ukiingia kwenye duka la kukodisha kanda, ukutani ni Wanaijeria juu mpaka chini. Ramsey Nouah, Genevieve, Aki na Ukwa. Dada zetu walikuwa wanasuka nywele kama za Genevieve, wanaongea "chineke" wakiungua na mafuta jikoni. Sisi tulikuwa watazamaji tu, kama tunavyokuwa kwenye Kombe la Dunia. Akatoka kijana mmoja, 2006, ana miaka 22, akacheza sinema ya Dar to Lagos na Mercy Johnson, staa wa huko huko Nigeria. Miaka 22! Mimi nikiwa na miaka hiyo nilikuwa naogopa kwenda benki peke yangu. Na hakuishia hapo, miaka mitano baadae anamleta Ramsey Nouah mwenyewe kwenye Devil Kingdom. Yule yule wa kwenye makava ukutani, sasa yuko kava moja na mtoto wa Shinyanga, tena kwenye sinema ya mtoto wa Shinyanga.

Mnafikiri alikuwa anaongea nao Kisukuma?

Huyu mtu kasoma shule zile zile tulizosoma sisi. Miaka saba unafundishwa kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari moja unaingia Form One unaambiwa Jiografia, Bailojia, Historia, vyote kwa Kiingereza, na mwalimu mwenyewe akikwama anageukia ubaoni anajifanya anafuta. Ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Unakaa kimya miaka minne, unajifunza kwamba Kiingereza ni kitu cha kuogopa, usifungue mdomo mpaka uwe na uhakika, na kwa vile uhakika hauji basi haufungui. Ndo maana Mtanzania yupo mkutanoni na wenzake wa Kenya, Uganda, ana hoja nzuri kuliko wote, na ataitoa nje wakati wa chai.

Mimi nimepatwa. Nilienda kwenye usaili ofisi moja maeneo ya Posta, cheti ninacho, suti ya kuazima ninayo, wakasema jieleze. Nikataja jina langu. Nikataja tena jina langu. Yule mama wa katikati akaandika kitu, nikaona anakunja uso kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko angenitukana. Nimetoka pale nimetembea kwa miguu mpaka Kariakoo bila kujua natembea. Kwahiyo mtu akinionyesha Kanumba anahangaika na sentensi mbele ya kamera Afrika Kusini, kwenye lile jumba la Big Brother ambalo Mtanzania mwenzetu Richard alitoka bingwa 2007, mimi sioni kichekesho. Naona mtu ambaye angeweza kubaki Sinza akawa mfalme wa mtaa, kila mtu anamwita The Great (sawa, alijiita mwenyewe, tutafika), na bado akapanda ndege akaenda mahali anapojua kabisa atakwama. Na alikwama. Na watu wakamsema mpaka basi. Na akarudi akaendelea kucheza na watu wa nje.

Hapo ndo penye utamu wote wa huyu mtu kwangu mimi. Kipaji sawa, Bongo vipaji vipo mpaka vinamwagika. Ila aibu ilikuwa haimzuii kufanya kitu. Nataka mtu anitajie wengine watano.

Na mnachonichosha zaidi ni upendeleo wenu. Jackie Chan kaenda Hollywood na Kiingereza cha kuokoteza, mnasema lejendari. Mchezaji wa Brazil akihojiwa baada ya mechi anasema maneno manne, matatu ni "yes," mnasema mpole. Mnaijeria anakuambia "am coming" huku anaondoka, mnasema swaga, tena mnaiga. Mswahili mwenzenu akikosea wakati uliopita na ujao mnamtengenezea katuni. Tena nilimwambia dogo, haya wewe uko Form Three, niambie kwa Kiingereza hicho kinachokuchekesha ni nini. Akajikuna kichwa. "Aah anko, bana." Basi.

Sawa, nikubali na mimi kidogo nisionekane nina wazimu. Sinema zile zilikuwa na mambo yake. Gari linapiga honi getini, mlinzi anatoka taratibu kama analipwa kwa dakika, anafungua geti, gari linaingia, linageuza, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anaangalia nyumba, hapo dakika nne zimeenda na hakuna aliyesema kitu. Simu inaita na yule tajiri anaipokea huku bado inaita. Tafsiri ya chini ya skrini ilikuwa inaandikwa na adui. Na lile suala la Part 1 na Part 2, yaani stori inakatwa pale mwanaume ameshika kitasa cha mlango halafu wanakuambia nenda kanunue nyingine, huo ulikuwa wizi wa mchana na nilishiriki kuibiwa kwa hiari yangu. Majina ya Kiingereza kwenye sinema za Kiswahili, hapo pia sina cha kumtetea. Na kujiita The Great ukiwa hujafika 30, mh. Ila mbona alikuwa anakaribia.

Ya mahakamani kuhusu kifo chake siyaingii.

Ile asubuhi naikumbuka kwa harufu kabisa. Tarehe 7 April 2012, Jumamosi, sikukuu juu ya sikukuu, Karume Day na kesho yake Pasaka. Niko kwenye daladala ya Mbagala, mbele yangu mama ana kuku wawili kwenye kikapu wa sikukuu. Redio ikasema Kanumba amefariki. Konda akaongeza sauti, dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Mtu wa nyuma akasema "hiyo itakuwa sinema mpya, wanatangaza." Tukamwamini kama dakika mbili hivi. Kisha simu zikaanza kuita humo ndani, moja, tatu, zote, na yule mama akaanza kulia, kuku nao wanapiga kelele, nikajua ni kweli. Miaka 28.

Jumanne yake nilienda viwanja vya Leaders kumuaga. Sijawahi kuona watu wengi vile kwa mtu asiye kiongozi, watu wako juu ya miti, juu ya kuta, watu wanazimia wanabebwa juu kwa juu. Nilipoteza ndala ya kushoto, nikarudi nyumbani na ya kulia, na kwenye basi nilikuta mwingine naye ana moja. Tukatazamana hatukucheka. Najua kuna wasomi waliandika kwamba ni kitu cha ajabu nchi kumlilia mcheza sinema kiasi kile. Walikuwa hawajui tunalia nini. Hivi karibuni tu tulikuwa tumeanza kuona watu wa Bujumbura, wa Kigali, wa Goma wanazijua sura zetu, wanaongea misemo yetu, na aliyetuanzishia safari ndo huyo kwenye jeneza.

Huwa kuna maneno kwamba Bongo Movie ilikufa naye. Mimi sisemi hivyo, soko liliuliwa na kanda feki na simu na tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili. Ila kitu kimoja kilizikwa naye makaburi ya Kinondoni kweli, ile roho ya kumpigia mtu mkubwa wa nje simu na kumwambia njoo tucheze wote, kwa Kiingereza chochote ulichonacho.

Tumerudi kwa dogo. Baada ya kula nikamwambia toa huo uchafu, nikatafuta YouTube moja ya zile za Jennifer na Patrick, nikamkabidhi simu yangu mimi. Ile sehemu ya geti alicheka sana, nikamwacha acheke, hata mimi nilicheka. Nikaenda barazani kuongea na shemeji mambo ya kiwanja. Kurudi, dogo hayupo kwenye kochi, kaingia na simu chumbani kafunga mlango, nikalala bila simu.

Asubuhi kanirudishia, hanitazami usoni. Bando langu lote la wiki limeisha. Sijamuuliza kitu.