Je, vidonge vya majira hubadilisha pua ya mwanamke?

Hapa kuna madai mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kwamba anayemeza vidonge vya majira hunasa harufu hafifu kwa shida. La pili, kwamba huvutiwa na harufu ya mwanamume ambaye bila vidonge asingempenda. La kwanza lina mashiko kiasi. La pili limevuma kupita ushahidi wake.

Kidonge cha kawaida cha vichocheo (homoni) viwili, chenye ethinylestradiol, ambayo ni estrojeni ya kutengenezwa, mikrogramu 30 na levonorgestrel, aina ya projestini, mikrogramu 150, huzuia yai kupevuka, hivyo estrojeni ya mwili haipandi katikati ya mzunguko. Mwaka 1952 Mfaransa Jacques Le Magnen alieleza kuwa ni siku hizo hasa ambapo wanawake hunasa vizuri zaidi exaltolide, yenye harufu ya miski. Ukiondoa kilele hicho, ni rahisi kudhani pua nayo itafifia. Lakini mwaka 1981 Richard Doty na wenzake, Marekani, walikuta pua za waliomeza vidonge zikipanda na kushuka vilevile. Basi si ovari peke yake.

Tatizo kubwa ni upimaji. Kalamu za harufu zilizobuniwa Ujerumani hutumiwa hivi: mpimwaji hufungwa macho, hupitishiwa kalamu tatu karibu sentimita 2 kutoka puani, moja tu ikiwa na butanoli, naye aitaje. Ngazi za ukali wa harufu ni 16, na anayerudia kipimo huweza kufanya vizuri kwa mazoea tu. Mafua kidogo huharibu alama. Na mtafiti akihesabu siku kwa kalenda bila kupima vichocheo, hajui kama yai lilipevuka kweli.

Dai la mvuto lilianzia Bern, Uswisi, mwaka 1995. Claus Wedekind aliwapa wanawake wanuse fulana ambazo wanaume walizivaa usiku mbili. Wasiotumia vidonge walipendelea wanaume wenye jeni za kinga ya mwili tofauti na zao. Watumiaji, kinyume chake. Ila hayo yalikuwa makundi mawili tofauti ya wanawake, na aliyechagua vidonge huenda alishatofautiana na mwenzake tangu mwanzo. Mwaka 2008 Craig Roberts na wenzake, Uingereza, waliwapima wanawake walewale kabla na baada ya kuanza vidonge. Upendeleo ulisogea kuelekea wanaume wa jeni zinazofanana, lakini kabla ya vidonge hawakuwa wamependelea wasiofanana. Kuvunja uchumba kwa hilo ni haraka mno.

Tena tafiti hizi ni za vidonge. Kenya na Tanzania wengi hutumia sindano ya miezi mitatu na vijiti vya chini ya ngozi, vyenye projestini pekee bila estrojeni. Matokeo ya vidonge hayahamishwi huko kirahisi.

Pua ikizima ghafla, anza na mafua, UVIKO na vinyama vya puani. Ikipita wiki mbili, muone daktari wa masikio, pua na koo. Usiache njia ya uzazi wa mpango kabla ya kupata nyingine. Na kama umeruka vidonge, kisha harufu ya kitunguu kikikaangwa inakutapisha, pima mimba kwanza.