KCSE: tunalaumu kidato cha nne na mtoto alipotea kidato cha pili

Januari matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yakitangazwa tu Nairobi inagawanyika pande mbili, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa yale magrupu ya WhatsApp ya wazazi. Upande mmoja unasema watoto wa siku hizi ni wavivu, simu imewamaliza, hawachapwi na hawaogopi mtu. Upande wa pili unasema serikali imeua shule za umma, walimu hawatoshi, pesa zinachelewa, mtoto wa maskini ashapangiwa kuanguka. Miaka na miaka ni maneno hayo hayo. Kila upande uko na ukweli wake na nitaupa haki yake, lakini wote wanamwangalia mtoto akiwa ameshakaa kwa dawati ya mtihani Novemba, na wakati huo mambo yalishaharibika kitambo.

Kwanza tuelewane kuanguka ni nini, juu hapa ndio watu hupoteana. Mtihani wa 2024 ulikuwa na watahiniwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu, ile gredi ya kuingia digrii, walikuwa 246,391. Hio ni kama robo. Sasa ukisema wale robo tatu wengine wote wameanguka, itabidi useme pia kwamba nchi nzima inapeleka watoto shule miaka minne ili watatu kwa kila wanne waambiwe hawafai. Mimi siamini hivyo. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza na alama 180 kwa 500 za KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, akatoka na C ya kawaida, huyo walimu wake wamefanya kazi kuliko wale waliopokea mtoto wa 410 wakamtoa na A-. Ile ya kuogopesha ni huko chini kabisa. Mwaka wa 2023 waliopata E walikuwa 48,174. E sio kwamba ulikosa kidogo, E maana yake miaka minne imepita na karibu hakuna kitu kimeingia.

Alafu hizi namba zenyewe ukizisoma bila kuuliza zimetoka wapi zitakudanganya. 2015 tulikuwa na A zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, Matiang'i akiwa waziri wa elimu, bodi ya KNEC, lile baraza la mitihani, imevunjwa, karatasi zinakaa kwa makontena yanafunguliwa asubuhi ya mtihani, A zikawa 141. Mia moja arobaini na moja! Na wa C+ kwenda juu wakatoka kama 165,000 wakawa chini ya 89,000. Watoto hawakugeuka wajinga kwa miezi kumi na mbili. Likeji ya mitihani ilizibwa, ndio hivyo, kwa hivyo mtu akikuambia zamani watoto walikuwa wanapita kuliko wa sasa muulize zamani gani, ile ya mwakenya (vikaratasi vya kuibia mtihani) na karatasi za kuuziwa usiku?

Namba zikipanda pia zinaweza kukudanganya, tangu 2023 hesabu ya gredi ilibadilishwa, saa hii wanachukua hisabati, lugha moja na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Zamani ulikuwa unabebeshwa Kiingereza na Kiswahili zote mbili plus sayansi mbili upende usipende. Kwa hivyo C+ zikipanda kutoka 173,345 mwaka wa 2022 hadi 201,133 mwaka wa 2023, serikali ikapiga kifua, mimi nilikuwa nasema sawa, lakini mizani yenyewe si imebadilishwa? Sisemi fomula mpya ni mbaya, kwa maoni yangu ni ya haki kuliko ile ya zamani, mtoto mzuri wa historia na biashara hafai kuzamishwa na fizikia. Lakini usiniambie shule zimeboreka.

Na kuna hii ya asilimia 100, ile sera ya 2018 kwamba kila aliyemaliza darasa la nane lazima aende sekondari, chifu na wazee wa nyumba kumi wakapita mitaani kuokota watoto. Watu wanasema ndio imejaza shule na D. Kweli imejaza. Lakini hao watoto wa alama 150 walikuwepo hata kabla, walikuwa wanaishia kwa jua kali au kuolewa na hakuna mtu alikuwa anawahesabu. Kuwaingiza darasani kuliongeza idadi ya wanaoanguka bila kuongeza ujinga nchini. Kosa la serikali ni kuleta watoto wengi hivyo bila kuleta walimu na madarasa kwa kiwango hicho hicho.

Sasa tuje kwa hao wavivu.

Siwezi kukataa uvivu upo. Pita Kayole ama Umoja saa nne usiku wiki ya mtihani uone vijana wa kidato cha nne wako na simu, TikTok, bet, na wengine kuber (tumbaku ya kutafuna) na bangi, na ukiwauliza wanakuambia watasoma asubuhi. Kibaya zaidi ni Telegram, kuna matapeli wanauza karatasi feki kila mwaka, na wanaotuma pesa sio watoto peke yao, kuna wazazi, mtu mzima na kazi yake anatuma M-Pesa kwa mtu hamjui ati apate kemia mapema. Mtoto akiona mzazi anatafuta njia ya mkato atasoma kwa nini? Na kuna wazazi wa Nairobi waliopeleka mtoto bodingi tangu darasa la nne, ripoti fomu inakuja wanaangalia nambari tu, wa 38 kati ya 52, wanagomba dakika tano, basi. Hawajui mtoto anaanguka somo gani wala mwalimu wake ni nani.

Lakini upande huu wa uvivu uko na shimo moja kubwa. Ule uvivu haumwagiki sawa. Kwani mbona umejaa shule za kutwa za Eastlands na ukikaribia shule kubwa za bodingi kama Kenya High ama Starehe unapungua? Watoto wa huko hawana mikono ya kushika simu? Jibu la haraka ni kwamba hizo shule zinachagua wale wa alama za juu, na ni kweli, lakini kuna jibu lingine. Mtoto wa huko akikosa kuelewa leo, kesho asubuhi ako hapo hapo darasani na mwalimu ako. Wa shule ya kutwa kesho anaweza kuwa nyumbani.

Na hapa nataka nikae kidogo juu hii ndio watu wanapita haraka. Serikali inasema sekondari ya kutwa ni bure, ilianza 2008, na tangu 2018 kila mwanafunzi amepangiwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Kwa karatasi. Zile pesa zinakuja nusu nusu na zikiwa zimechelewa, na Julai 2025 waziri wa fedha Mbadi mwenyewe aliambia kamati ya bunge kwamba serikali haina uwezo wa kulipa hio 22,244 yote, kelele zikapigwa ikabidi serikali itoe ufafanuzi. Prinsipo naye ako na walimu walioajiriwa na bodi ya shule hawajalipwa, stima ya kulipa, chaki za kununua. Atafanya nini? Anarudi kwa mzazi. Pesa ya lanchi, ya tuisheni ya asubuhi, ya mtihani wa pamoja, ya dawati. Ukikosa mtoto anatumwa nyumbani.

Sasa chukua mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, mama anafulia watu nguo South B. Jumatatu ametumwa nyumbani akalete 1,500 ya lanchi. Mama ako na 400. Wanangoja Jumatano mama alipwe, Alhamisi anarudi na nusu, anaambiwa amalizie, anakaa nyuma. Huko nyumbani ni chumba kimoja cha mabati, wadogo zake wanne, redio ya jirani inasikika kama iko ndani, na tokeni ya stima ikiisha saa mbili usiku hakuna kusoma. Akiwa shule ya msingi alikuwa anakula Dishi na County, ile lanchi ya kaunti, kwa shilingi tano, akiingia sekondari hio imeisha. Hizo siku tatu mwalimu wa hisabati alifundisha gredienti ya mstari. Hakuna mtu atarudi kumfundisha, silabasi inakimbia.

Gredienti ni ya kidato cha pili. Ukiikosa unaona ni kitu kidogo, lakini ni hio hio inarudi kidato cha nne ikiitwa difarensiesheni, na kutoka hapo intigresheni. Trigonometri pia inaanza kidato cha pili, na logariti. Mtoto aliyepoteana hapo hapati mahali pengine pa kuingilia, na hisabati hakuna kuacha, fizikia unaweza kuacha ukichagua masomo, hisabati unabeba hadi mwisho. Ndio unaona ile karatasi ya hisabati: sehemu ya kwanza maswali 16 ya alama 50, sehemu ya pili maswali 8 unachagua 5, kila moja alama 10. Mwalimu yeyote wa mtaani atakuambia kuna watoto wanaandika andika sehemu ya kwanza wakifika ya pili wanaacha wazi. Nusu ya alama. Hawajaikataa siku hio, waliikataa miaka miwili nyuma. Na miaka mingi wastani wa hisabati nchi nzima haufiki hata 30 kwa 100, na huwezi niambia nchi nzima ni wavivu.

Mtoto wa aina hii ukimkuta kidato cha tatu ndio huyo sasa anaitwa mvivu. Analala darasani, anatoroka, ako na simu. Mimi naona mara nyingi uvivu unakuja baada ya kupoteana, mtu anakaa saa arobaini kwa wiki kwa chumba ambacho hakuna neno analielewa, lazima atatafuta kitu cha kufanya. Sio wote, kuna wengine ni ukaidi tu, lakini wengi.

Shule nazo zinazidisha. Siku hizi sifa ya shule ni kumaliza silabasi mapema, kidato cha tatu ikiisha wamemaliza kila kitu ili mwaka wa nne uwe wa marudio, moku (mtihani wa majaribio), moku ya pili, mtihani wa pamoja na shule sita, kila wiki karatasi. Kwa wale kumi wa mbele hio ni dawa. Kwa wale arobaini wa nyuma ni kupimwa kila wiki kitu ambacho hawakufundishwa wakaelewa, na kwa pesa ya mzazi. Nasema hivi nikijua walimu watanikasirikia, na wako na haki kiasi, mwalimu mmoja wa hisabati ako na mikondo mitano ya watoto hamsini hamsini, atasahihisha vitabu 250 saa ngapi? Lakini pia wapo walimu wanaoingia darasani wamechoka juu asubuhi walikuwa wanafundisha tuisheni ya pesa kwa estate, na hio hakuna chama cha walimu kitaisema.

Maabara sitaongea sana. Kemia karatasi ya tatu ni practiko, alama 40, na kuna watoto wanashika bureti vizuri mara ya kwanza siku ya mtihani. Imetosha.

Kuna kitu kinaharibu hoja yangu kidogo na sitakificha. 2024 ulikuwa mwaka mbaya Nairobi. Mafuriko yalichelewesha muhula wa pili hadi Mei 13, nyumba za Mathare na Mukuru kando ya mto zikabomolewa, watoto wakapoteza vitabu na yunifomu, Juni na Julai ikawa maandamano, Agosti mwisho walimu wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, wakagoma wiki nzima hivi. Kama kukosa darasa ndio kunaangusha watoto, C+ zilifaa kushuka. Zilipanda. Mwenye kusema mambo ya nyumbani na serikali ni visingizio atashika hapo. Jibu langu ni kwamba watahiniwa wa 2024 walikosa masomo wakiwa kidato cha nne, wakati wa marudio, na mwenye msingi hutoka hata akisomea kwa rafiki. Wale wa kuangalia ni waliokuwa kidato cha kwanza mwaka huo, ndio walibomolewa nyumba wakiwa wanaanza. Hao ndio darasa la mwisho kabisa la KCSE, 2027.

Kwa hivyo ukiniuliza nimlaumu nani nitaweka uzito mwingi kwa serikali kwa sababu moja tu, pesa ikija kwa wakati prinsipo hana sababu ya kufukuza mtoto juu ya lanchi, na hio peke yake ingerudisha siku nyingi za darasa kuliko moku zote. Mzazi namlaumu kwa ile ripoti ya kidato cha pili aliyoikunja bila kusoma. Mkutano wa wazazi unaokuja, badala ya kubishana juu ya basi la shule, uliza prinsipo vitu vitatu: hapa kuna walimu wangapi wa hisabati walioajiriwa na TSC, ile tume ya serikali ya walimu, mtoto akitumwa nyumbani siku tatu nani anamfundisha alichokosa, na wale waliopata chini ya 20 kwa hisabati muhula uliopita wanafanyiwa nini. Akianza kukuonyesha picha ya yule mmoja aliyepata A, rudia swali.