Gérard Philipe anahukumiwa kwa nusu ya ushahidi

Wanaomponda Gérard Philipe, mwigizaji wa Kifaransa wa filamu na jukwaa, wana hoja. Filamu zake nyingi zimechakaa: mavazi ya kihistoria, mandhari ya studio, na kijana mtanashati anayesema kana kwamba anaghani. Januari 1954 François Truffaut, mhakiki kijana aliyekuja kuwa mwongozaji, aliishambulia sinema ya aina hiyo katika jarida la Cahiers du cinéma, akiwalenga hasa waandishi wa filamu Aurenche na Bost, walewale walioandika Le Diable au corps, filamu ya mwaka 1947 iliyompaisha Philipe. Mwaka 1956 Philipe alijaribu kuongoza filamu mwenyewe, haikufua dafu. Mei 1959 Truffaut, sasa na filamu yake mwenyewe, akalitikisa tamasha la filamu la Cannes. Novemba mwaka huohuo saratani ya ini ikamuua Philipe akiwa na miaka 36, na tangu hapo wengine ndio wanaomsemea.

Shida ni kwamba filamu hubaki, jukwaa halibaki. Mwaka 1951, akiwa tayari nyota, alijiunga na mwongozaji wa tamthilia Jean Vilar: kwanza kwenye tamasha la Avignon, kisha TNP, ukumbi wa taifa uliokusudiwa watu wa kawaida. Novemba ile kundi lilianzia Suresnes, kitongoji cha wafanyakazi nje ya Paris. Alikuwa Rodrigue, shujaa wa tamthilia ya Le Cid, na katika tamthilia ya Brecht akawa mtoto wa Mama Courage, nafasi ambayo nyota mwingine angeiona ndogo. Kwenye mabango jina lake lilikaa kwa mpangilio wa alfabeti, yaani chini huko kwenye P. Mimi jambo hilo la alfabeti haliniishi hamu. Jina lake ndilo lililouza tiketi, naye akakubali lipangwe foleni kama ya wengine.

Halafu kuna Chaillot, ukumbi wa Paris uliokuwa makao ya TNP wakati huo: zaidi ya viti 2,500. Ile sauti inayotukera leo kwenye skrini ilikuwa imezoea kumfikia aliyekaa safu ya nyuma kabisa kwa tiketi ya bei nafuu. Utaniambia kamera haihitaji hayo, na mwigizaji hodari hujua kupunguza. Ni kweli. Basi tazama Monsieur Ripois ya mwaka 1954. Mwongozaji René Clément alimpeleka kwenye mitaa ya London, kamera zikafichwa, wapita njia hawana habari, naye anacheza mlaghai wa wanawake, mwoga, asiye na haiba yoyote ya Fanfan, yule shujaa wa upanga aliyemcheza katika Fanfan la Tulipe. Vijana wa Cahiers, Truffaut na wenzake, waliosifiwa baadaye kwa kutoka studio na kwenda mitaani, walikuwa bado hawajatoa filamu ndefu hata moja. Ajabu, wanaomcheka huiruka hiyo.

Mwaka 1958 alikuwa rais wa kwanza wa SFA, chama cha waigizaji, akidai haki za wasio na majina. Alizikwa Ramatuelle, karibu na bahari, na vazi alilovishwa lilikuwa la Rodrigue.