Migingo ni yetu, samaki je?

Kuna swali la chemsha bongo ambalo mwanafunzi wa Kisumu hulijibu bila kukuna kichwa: Kenya ina sehemu gani ya Ziwa Victoria? Asilimia 6. Tanzania ina karibu nusu, Uganda inayobaki. Cha ajabu, Migingo, kisiwa kidogo cha ziwa hilo tunachogombania na Uganda, ikitajwa, hesabu hiyo hatuikumbuki tena.

Kuhusu kisiwa chenyewe sina ubishi. Amri ya mipaka ya 1926 iliupitisha mstari magharibi yake, na mwaka 2009 Rais Museveni mwenyewe alikubali kwamba Migingo iko Kenya. Aliongeza kuwa maji yanayovuliwa ni ya Uganda, na hapo ndipo tulipomcheka. 

Lakini hebu tulipime neno lake. Mpaka unapita mita mia chache tu kutoka kwenye yale mabati yaliyobanana juu ya mwamba usiofika hata ekari moja. Boti ikielekea magharibi, imeingia Uganda kabla injini haijapata moto. Huko hakuna boya wala kigingi, na mbuta, samaki wanayemfuata wavuvi, hana kitambulisho.

Ziwa lina takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo fungu letu ni kama 4,100. Sehemu ya fungu hilo ni Ghuba la Winam, pale Kisumu: kina kifupi, na gugumaji likivamia, boti za wavuvi wa Dunga, Kisumu, hukwama ufuoni. Mbuta wakubwa wako kwenye maji ya wazi. Kwa hiyo mvuvi wa Muhuru au Sori, upande wetu wa ziwa, akisema anavua "kwetu", mara nyingi anachomaanisha ni kwamba analala kwetu. Mganda anayeona samaki wake wakipakuliwa upande wa pili ana haki ya kuuliza leseni iko wapi.

Hiyo haihalalishi askari wa Uganda kupiga wavuvi au kunyang'anya injini, na malalamiko ya namna hiyo yamekuwa mengi. Serikali yetu ina wajibu wa kuwatetea. Ila kupandisha bendera Migingo hakumpi mvuvi ruhusa ya kutupa wavu mita mia sita mbele. Anachohitaji ni leseni inayotambuliwa pande zote mbili, yenye ada inayojulikana, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, la nchi zote tatu, liko Jinja, Uganda, tangu miaka ya 1990. Wabunge wetu wanaoapa kuifia Migingo hawajatueleza kwa nini hawaanzii huko.